Picha 40 mbovu na bajeti ya lenzi moja

Ujumbe wa mtu mmoja aliyetaka ushauri wangu wa kamera ulikuwa wa mstari mmoja: "Kaka, nina hela ya lenzi moja kubwa, ninunue ipi?" Chini yake akabandika tangazo la Sigma 150-600mm ya mtumba (kadiri milimita zinavyozidi ndivyo lenzi inavyovuta mbali), ile nyeusi yenye mdomo mpana kama bakuli. Safari yake ilikuwa imebakiza wiki sita: siku 12, milima kwanza, halafu kando ya ziwa lenye ndege wa majini, mwendo mwingi wa miguu na uliobaki wa basi. Kamera anayo, Canon EOS 700D, bodi (yaani kamera yenyewe bila lenzi) ya mwaka 2013 yenye megapikseli 18, pamoja na lenzi iliyokuja nayo, 18-55mm. Basi.

Nimeamua kukiandika kisa chote kwa sababu swali hilo naulizwa kila mara, na kwa sababu ushauri niliompa haukuwa sahihi wote. Nilikosea mara tatu, na yote matatu yalionekana kwenye picha alizorudi nazo.

Kiasi cha bajeti yake sitakitaja, bei zinapanda na kushuka. Itoshe kwamba kingetosha hiyo 150-600 na kubakiza chenji ya betri moja. Au kingetosha lenzi mbili ndogo za mtumba, na akiba ikabaki.

Alichokuwa nacho kichwani

Kumbe 150-600 haikuwa peke yake. Alipoona namuuliza maswali akafunguka: alikuwa anaiwazia pia Tamron 18-400mm, lenzi moja inayoanzia upana wa mandhari hadi kuvuta ndege aliye mbali, na tatu, aliloligusia kwa aibu kidogo, kuuza vyote anunue bodi ya fulu fremu, yaani yenye sensa (sehemu inayonasa picha) kubwa, "kwa sababu mapro wote wanatumia hiyo", lenzi zije baadaye.

Hilo la tatu nililikata palepale. Sensa ya 700D ni ndogo, na udogo huo humfaa mpiga ndege mwenye hela chache. Unazidisha kwa 1.6: kile unachokiona kupitia 250mm kwenye sensa hiyo ndicho ungekiona kupitia 400mm kwenye fulu fremu. Akihama anaupoteza uvutaji huo wa bure, kisha anahitaji lenzi ndefu zaidi, nzito zaidi na ghali zaidi ili arudi palepale alipokuwa. Tena lenzi za Canon zenye alama ya EF-S, yaani za sensa ndogo, kama 18-55 yake, hazikai kabisa kwenye bodi za EF za fulu fremu. Angekuwa na bodi nzuri isiyo na jicho.

Hizo mbili nyingine hazikuwa za kukatwa kwa maneno. Nikamwambia: kabla hatujataja lenzi tena, kaa kwenye kompyuta, nitafutie picha 40 zilizokuuma. Sitaki zile mbaya tu ambazo ungezifuta bila kujali. Nataka zile ulizotamani sana zitoke, zikakuangusha.

Alinuna kidogo. Mtu akiwa ameshaiona lenzi ya ndoto yake, kumrudisha kwenye picha mbovu za mwaka jana ni kama kumwambia afue nguo kabla ya harusi. Ila alizileta.

Kila picha na kosa lake

Faili la picha hubeba habari zake: lenzi ilikuwa kwenye milimita ngapi, tundu la mwanga limefunguliwa kiasi gani (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), shata, lile pazia linaloruhusu mwanga, imekwenda kwa kasi gani, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ni ngapi. Programu yoyote ya picha inakuonyesha. Tukakaa naye jioni moja, tukazipitia moja moja, kila picha tukaiuliza swali moja: wewe ulikufa kwa ugonjwa gani?

Kundi kubwa kabisa, picha 13, lilinishangaza hata mimi. Zilitikisika. Nyingi zilitoka wikiendi moja aliyowahi kuazima lenzi ya 75-300 isiyo na kitulizo cha mtikisiko. Nikumbuke moja: tumbili mama amekaa kwenye kivuli, mtoto kifuani, jicho la mtoto linaangalia kamera moja kwa moja. Picha ya kutundika ukutani. Ila manyoya yote yamekuwa uji. Tukafungua habari zake: 300mm, f/5.6, shata 1/50, ISO 100.

ISO 100, kivulini, na lenzi ya 300. Nikamuuliza kwa nini. Akasema aliwahi kuambiwa ISO ikipanda picha inaharibika, akaifunga kwenye 100 tangu siku hiyo.

Kanuni ya wazee wa kazi hii ni kwamba ukishika kamera mkononi, shata isiwe polepole kuliko moja chini ya milimita za lenzi, na kwa sensa ndogo uzizidishe kwanza. 300 mara 1.6 ni 480, kwa hiyo alihitaji kama 1/500. Kutoka 1/50 hadi 1/500 ni mara kumi, na mara kumi ya ISO 100 ni ISO 1000. Kamera yake inafika ISO 12800. Kwa ISO 1000 angepata chengachenga kidogo kwenye kivuli, ambazo programu huzipunguza, na angepata jicho la mtoto wa tumbili. Hakuna lenzi iliyohitajika hapo. Kitulizo kingesaidia, kweli, lakini dawa ya kwanza ilikuwa kitufe kilichopo tayari juu ya kamera.

Picha 9 zilikuwa za watu jioni: mikono ikifanya kazi chini ya taa, watoto wakikimbizana jua likishazama. Hapa kamera ilikuwa kwenye otomatiki, ISO imepanda yenyewe hadi 1600, lakini lenzi iko kwenye 50 au 55mm ambapo tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6, na shata imeshuka hadi 1/15. Mkono wa kamera umetulia, kwa sababu 18-55 yake ina kitulizo. Aliyetikisika ni mtoto. Kitulizo hutuliza mikono yako, hakimtulizi anayekimbia. Huu ni ugonjwa wa lenzi hasa, na dawa yake inanunuliwa.

Nane zilikuwa za umbali: ndege kadogo katikati ya picha kubwa ya maji. Tano zilikuwa za joto. Hizi watu wengi hawazijui, ngoja nizieleze. Ukipiga kitu cha mbali mchana wa jua kali, juu ya ardhi iliyopata moto au juu ya maji, hewa yenyewe inachezacheza kati yako na kitu, kama unavyoiona juu ya lami. Picha inatoka laini, haina makali, na mpigaji anailaumu lenzi. Anakwenda kununua ndefu zaidi, anavuta zaidi, na anachovuta ni hiyo hewa. Dawa yake ni kuamka alfajiri au kusogea karibu.

Tatu fokasi ilishika tawi la mbele badala ya ndege, kwa kuwa alama zote 9 za fokasi zilikuwa zinafanya kazi na kamera ikachagua kilicho karibu. Mbili za mwisho zilikuwa za machweo zenye vidoa vya kijani, mwanga ukigonga filta rahisi aliyoivisha lenzi "kuilinda".

Jumlisha. Kati ya 40, ni 17 tu ambazo hela ingezigusa: 9 za jioni na 8 za umbali. Zilizobaki zilihitaji asubuhi moja ya mazoezi.

Hesabu ya ndege mmoja

Kuhusu zile 8, hakuniamini kwamba 600mm si lazima. Tukachukua karatasi.

Tuseme mdiria wa sentimita 25, amekaa kwenye mti uliokauka mita 20 kutoka ulipo. Ukubwa wake kwenye sensa unaupata kwa kuzidisha urefu wake kwa milimita za lenzi, kisha kugawa kwa umbali. Kwa 55mm, lenzi aliyonayo, mdiria anakuwa kama milimita 0.7 kwenye sensa yenye kimo cha milimita 14.9. Hiyo ni kama pikseli 160. Ukikata picha ibaki ndege peke yake, unabaki na stempu. Kwa 250mm anakuwa milimita 3.1, kama pikseli 725, moja ya tano ya kimo cha picha. Kwa 600mm ni milimita 7.5, nusu ya picha.

Nusu ya picha! Macho yakamng'aa. Nikamwambia endelea, sasa mweke mita 8 badala ya 20, na lenzi ibaki 250. Akapiga hesabu: milimita 7.8. Zaidi ya ile 600.

Ukipunguza umbali kwa nusu umeifanya lenzi yako mara mbili, tena bila gramu hata moja ya ziada, na hewa ya kupitia nayo imepungua kwa nusu. Bila shaka kumsogelea ndege ni ufundi wa peke yake, na wapo ndege na wanyama ambao husogei hata ufanyeje. Hilo nililiruka haraka mno siku ile, kwa sababu nilikuwa nashinda hoja. Hilo ni mojawapo ya makosa yangu, ingawa nililijua baadaye.

Kilo mbili na nusu

Maneno yana mwisho wake. Jamaa yangu mmoja anayo hiyohiyo Sigma, toleo la Contemporary, nikaiazima kwake kwa Jumamosi moja. Lenzi ina gramu 1,930. Bodi ya 700D ina gramu 580. Tukaenda kutembea na mwenye swali, yeye kabeba, mimi mikono mitupu kwa makusudi.

Saa ya kwanza alifurahi. Alimpata yangeyange ng'ambo ya kijito, manyoya ya shingo yanahesabika, na nisiwe mnafiki, ile picha ilikuwa tamu. Saa ya pili akaanza kuhamisha mkanda kutoka bega hili kwenda lile. Kwenye 600mm ya sensa ndogo unaona sehemu finyu mno, kiasi kwamba ndege akiruka tawi moja unamtafuta kwenye kitundu cha kuchungulia kama aliyedondosha sindano. Nilimwona anainua kamera, anazungusha kushoto, kulia, anashusha, ndege kaondoka. Kufika saa sita mchana lenzi ilikuwa kwenye begi, na vipepeo wawili na mandhari moja nzuri vimepita bila kupigwa kwa kuwa 18-55 ilikuwa chini kabisa ya begi hilohilo.

Kwa mtu anayepigia picha dirishani mwa gari, au anayekaa sehemu moja asubuhi nzima na tripodi, ningemwambia nunua 150-600 na usinisikilize. Huyu alikuwa anatembea siku 12.

Ile 18-400 nayo ilikuwa na hoja nzito kuliko watu wa lenzi wanavyopenda kukiri. Ina uzito wa kama gramu 700, hubadilishi lenzi kwenye vumbi, na picha unayoipata inaishinda ile uliyoikosa ukiwa unafungua begi. Kilichoiangusha ni zile picha 9 za jioni. Mwisho wake ni f/6.3, na hata katikati haimpi mwanga wa maana zaidi ya alionao. Ingemeza bajeti yote na kumponya ugonjwa mmoja kati ya miwili.

Tukaishia kwa mbili. Ya kwanza Canon EF-S 55-250mm f/4-5.6 IS STM, ya mwaka 2013 kama kamera yenyewe: gramu 375, kitulizo ndani, fokasi isiyo na kelele. Nilimsisitizia herufi za mwisho, STM, jina la mota ya fokasi, maana kuna matoleo ya nyuma yake yenye jina karibu hilohilo. Sifa yake nyingine haitangazwi sana: inashika fokasi kuanzia sentimita 85, na hapo kitu kinaingia kwenye sensa kwa kipimo cha 0.29. Sensa yake ina upana wa milimita 22.3, kwa hiyo kitu chenye upana wa kama sentimita 8 kinajaza picha kutoka ukingo hadi ukingo. Kipepeo mkubwa, au ua. Lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, tukaifuta kwenye orodha.

Ya pili ni Canon EF 50mm f/1.8 STM. Hapa nilisitasita. Kuna EF-S 24mm f/2.8, nyembamba kama biskuti, gramu 125, na wengi wangesema upana wake unafaa safari kuliko 50. Lakini tukarudi kwenye picha zake. Zile za jioni zote alizipiga kati ya 45 na 55mm, ndivyo jicho lake linavyomwona mtu. Halafu kwenye 24mm lenzi yake ya zamani inafika karibu f/4, kwa hiyo f/2.8 ingemwongezea ngazi moja tu ya mwanga (mara mbili) na kumnyang'anya kitulizo. Kwenye 50mm, kutoka f/5.6 kwenda f/1.8 ni karibu mara kumi ya mwanga. Ile 1/15 inakuwa karibu 1/150. Mtoto anayekimbizana bado anaweza kutia ukungu mkononi, lakini uso unabaki. Gramu 160. Tukaichukua.

Lenzi zote tatu na bodi: gramu 1,320, kwa kuwa 18-55 yake ina 205. Ile Sigma peke yake inazidi hapo.

Kununua mtumba bila kulia

Watu wengi wamehamia kamera zisizo na kioo cha kuakisi ndani, hasa tangu Canon na Nikon zilipoleta viungio vyao vipya vya lenzi, RF na Z, mwaka 2018. Lenzi za kamera za kioo zimejaa sokoni, na hilo ni neema kwa mwenye bajeti ndogo. Tena si kwamba anajifunga: lenzi za EF na EF-S zinakubali kwenye bodi za RF kwa adapta. Kinyume chake hakiwezekani.

Mwenye Nikon ana mtego wake, niuseme japo si wa kisa hiki. Bodi ndogo kama D3500 na D5600 hazina mota ya fokasi ndani, kwa hiyo 50mm f/1.8D ya bei poa itakaa vizuri, itapiga picha, na fokasi utaizungusha kwa mkono maisha yako yote. Unataka yenye AF-S, yaani yenye mota yake ndani. Na zile mpya za AF-P hazifanyi fokasi kwenye bodi za zamani kama D3100.

55-250 ya kwanza tuliyokutana nayo ilikuwa inang'aa kama imetoka kwenye boksi jana. Nikaifungua vifuniko vyote viwili, nikawasha tochi ya simu nyuma, nikaangalia kutoka mbele, kwa kuinamisha kidogo, si moja kwa moja. Kwenye kioo cha pili kutoka mbele, pembeni, kulikuwa na nyuzinyuzi nyeupe, zimetawanyika kama mizizi ya nyasi. Kuvu. Muuzaji akasema ni vumbi. Vumbi huwa vidoa, halina matawi. Vidoa viwili vitatu havinitishi, picha haivioni, lakini kuvu hula koti la kioo, na ukiisafisha alama zake zinaweza kubaki. Tukashukuru tukaondoka.

Ya pili ilikuwa na rangi imechubuka kwenye pete ya kuvutia, sura ya kitu kilichotumika. Vioo safi. Ukingo wa filta haukuwa na bonyeo, maana bonyeo pale ni ushahidi kwamba iliwahi kuanguka. Nikamwambia aivalishe kwenye kamera yake mwenyewe, avute hadi 250, abonyeze shata nusu: ndani ya kitundu picha ikaruka kidogo kisha ikatulia, na masikio yakasikia mvumo mdogo. Kitulizo kizima. Akapeleka fokasi karibu, mbali, karibu. Mwisho akapiga ukuta wa matofali, kamera imesimama sawa na ukuta, f/5.6, tukazikuza kona nne kwenye kioo cha kamera. Kona moja ikiwa laini peke yake, vioo vya ndani vimehama. Zote zilikuwa sawa. Akalipa.

50mm aliipata siku hiyohiyo, haina mengi ya kuharibika. Kwenye akiba nikamshauri filta moja tu, polaraiza (ile inayopunguza mng'ao na kukoleza anga) ya 58mm, kwa kuwa 18-55 na 55-250 zote mbili zina mdomo wa 58. Filta moja, lenzi mbili. Nilijiona mjanja sana.

Alivyorudi

Mdiria alimpata. Alikaa ukingoni kabla jua halijachomoza, amejiegemeza kwenye mti, kamera magotini, ISO 1600 bila woga. Ndege alipokuja kukaa kwenye mti uliokauka walitazamana kwa mita kama 8. Picha ina tone la maji kwenye ncha ya mdomo. Za jioni nazo zilitoka, ingawa usiku wa kwanza alipiga zote kwa f/1.8 na kukuta jicho moja kali, la pili limefifia. Kesho yake akafunga hadi f/2.8 penye watu wawili, akaelewa.

Sasa makosa yangu. Polaraiza hulitia giza anga zaidi upande ulio digrii 90 kutoka kwenye jua. Kwenye lenzi finyu haisumbui. Kwenye 18mm anga linaloingia ni pana mno, na picha zake sita saba za milimani zina mbingu iliyo buluu nzito upande mmoja na iliyopauka upande wa pili, kama shuka lililofuliwa nusu. Nilijua jambo hilo. Sikumwambia, nilikuwa nafurahia milimita 58.

La pili linatokana na ile hesabu ya mdiria. Nilimfanya aamini kila ndege anasogeleka. Msituni, ndege wadogo walikuwa juu mitini mita 25, 30, na huwezi kuipandia hewa. Kwa hao 250 haikutosha na isingetosha. Alikasirika kidogo, kwa haki yake.

Lakini lililonishtua lilikuwa jingine. Nilikuwa nimemwambia asihangaike na lenzi pana: simamisha kamera wima, piga nne tano, kila moja ikipandana na iliyotangulia kwa theluthi moja, programu itaunganisha. Milimani ilifanya kazi vizuri. Ziwani mawimbi hayakungoja. Kwenye picha moja iliyounganishwa mtumbwi umekatika katikati, na mpiga kasia yuleyule anaonekana mara mbili, amejitangulia mwenyewe.

Safari hii sikumwomba. Alizichagua mwenyewe picha 40 zilizomuuma, akazipanga kwa ugonjwa, akaniletea. Za kutikisika mbili tu. Za umbali 11. Na 14, kundi kubwa kuliko yote, ni zile ambazo 18mm haikuweza kuzimeza: ziwa, mabonde, chumba kidogo kilichojaa watu. Kwa hiyo 150-600 imeahirishwa tena, na anatafuta EF-S 10-18mm ya mtumba, gramu 240, yenye kitulizo. Mdomo wake ni wa 67, polaraiza haitaingia, na hilo amelitaja kama sifa.

Mbili alizoziona hadi sasa amezikataa. Moja ilikuwa na kuvu, nyingine kona ya kushoto chini laini. Tochi na ukuta wa matofali alivitumia mwenyewe; mimi aliniambia baadaye.